GIA INAYOJIBADILI NA MZIGO MZITO

Mwaka huu tuliombwa tulete makala ya sayansi kwa lugha yetu, kwa kuwa gazeti letu huelekea kujaa mashairi ya mapenzi kuanzia jalada hadi jalada. Sina ugomvi na washairi. Lakini mimi nimechagua kuandika juu ya gia, na ninaomba msomaji asifunge ukurasa mapema.

Sisi tunaokaa Kaloleni hapa Voi tumelelewa na sauti za malori. Tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2017, makontena mengi hupita kwa reli, lakini barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi haijapata kulala. Malori mengine hukata kona hapa hapa Voi yakaelekea Mwatate, Taveta na Holili, mpaka Tanzania. Ukitega sikio usiku utajua lori lipi limebeba na lipi tupu bila kuchungulia dirishani. Lililo tupu hubadilisha gia upesi upesi, kama mtu anayepanda ngazi akiruka vidato. Lililojaa hunguruma kwa sauti moja ndefu, likatulia kidogo, likanguruma tena.

Zamani aliyekuwa akiamua sauti hiyo ni dereva, kwa mguu wa klachi na mkono wa kushoto. Siku hizi malori mengi mapya yana pedali mbili tu, mafuta na breki, na gia hujibadilisha zenyewe. Hapo ndipo ubishi huanza. Pale wanapokaa madereva kunywa chai nimesikia mara nyingi kwamba otomatiki ni gari ya kwenda harusini, mzigo haiwezi. Jirani yetu mmoja, mzee aliyeendesha lori la gia kumi za mkono kwa miaka mingi, alikuwa kinara wa maneno hayo mpaka tajiri wake alipomkabidhi lori jipya la otomatiki. Baada ya miezi michache nilimuuliza, "Mzee, vipi ile gari ya harusi?" Akacheka. Akasema, "Kijana wangu, ile gari ina maajabu. Nikitoka bandarini nimejaa inaanza na gia ndogo na inaenda polepole. Nikirudi tupu inaanza na gia kubwa na inaruka. Mimi sijabonyeza kitu. Sasa nani ameiambia nimebeba nini?"

Swali hilo la mzee ndilo lililonitia hamu, na jibu lake limo ndani ya silabasi yetu ya Fizikia ya Kidato cha Tatu.

Tuanze na gia yenyewe. Injini ya lori ina tabia moja mbaya: haina nguvu ikizunguka polepole mno, na ikizunguka kwa kasi mno hupoteza mafuta na kujiumiza. Injini kubwa ya dizeli hufurahia kama mizunguko 1,000 hadi 1,500 kwa dakika. Nje ya hapo hununa. Lakini magurudumu yanatakiwa yaanze kutoka sifuri mpaka mwendo wa barabara kuu. Giaboksi ndiyo mpatanishi. Katika gia ya kwanza ya lori la gia 12, injini huzunguka karibu mara 15 ili shafti inayokwenda nyuma izunguke mara moja. Mwendo unakuwa wa konokono, lakini nguvu ya kuzungusha inaongezeka karibu mara 15. Katika gia ya mwisho injini na shafti hiyo huzunguka sawa kwa sawa: mbio ipo, msukumo mdogo. Ni kama mtaimbo tunaotumia kung'oa jiwe. Ukishika mbali, jiwe linainuka kwa urahisi lakini mkono unasafiri sana. Ukishika karibu, mkono hausafiri, ila jiwe halitikisiki.

Sasa tuweke mzigo. Tuseme lori na mzigo wake ni tani 40, na linapanda mlima ambao kila mita 100 za barabara huinuka mita 5. Uzito wake ni nyutoni 400,000. Sehemu inayolivuta kurudi nyuma ni asilimia 5 ya hizo, yaani nyutoni 20,000, bila kuhesabu upepo na msuguano wa magurudumu. Likitaka kupanda kwa kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, linahitaji wati 200,000, karibu nguvu za farasi 270. Likitaka kupanda kwa kilomita 72 kwa saa linahitaji maradufu, zaidi ya nguvu za farasi 530. Lori la nguvu za farasi 420 halina hizo, hata dereva akikanyaga mafuta mpaka chini na kuimba. Kwa hiyo ni lazima mwendo upungue. Mwendo ukipungua, gia ikabaki ile ile, injini nayo inapunguza mizunguko mpaka inatoka mahali pake pa furaha na kuanza kutetemeka. Hapo ni lazima gia ishuke. Dereva wa gia za mkono hulisikia hilo kwa masikio na kwa tako, kama mzee alivyoniambia, samahani walimu.

Kompyuta haina masikio wala kile kingine. Ina nini basi?

Kila mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anajua kanuni ya Newton: nguvu ni sawa na uzani mara mchapuko. Kompyuta ya injini inajua ni mafuta kiasi gani yameingia kwenye mitungi, kwa hiyo inajua takriban injini inasukuma kwa nguvu gani. Inajua gia iliyoko. Inajua pia mwendo unaongezeka kwa kasi gani, kwa sababu kuna kifaa kinachohesabu mizunguko ya shafti. Ukiwa na nguvu na mchapuko, uzani hauwezi kujificha. Lori likisukumwa na nyutoni 20,000 baada ya kutoa upepo na msuguano, na mwendo wake ukaongezeka mita 1.25 kwa sekunde katika kila sekunde, basi ni tani 16, lori tupu. Nguvu hiyo hiyo ikiongeza nusu mita tu kwa sekunde katika kila sekunde, ni tani 40. Hakuna aliyeiambia, mzee wangu. Imepiga hesabu ileile ambayo mwalimu hutuletea kwenye mtihani, ila yenyewe hairuhusiwi kuacha swali.

Lakini kuna mtego. Lori tupu linalopanda mlima nalo huongeza mwendo kidogo kidogo, na kompyuta inaweza kudhani limejaa. Ndiyo maana huwekwa pia kifaa cha kupima mwinamo wa barabara. Kikisema barabara imeinuka, kompyuta inatoa sehemu ya mlima kwanza, ndipo inahesabu uzani. Na haihesabu mara moja tu. Kila lori linapoondoka na kuongeza mwendo, hesabu inarudiwa na kusahihishwa, kwa maana mzigo unaweza kupakuliwa Maungu na lori likaendelea na safari likiwa nusu.

Ikishajua uzito na mlima, inaamua mambo yake. La kwanza ni gia ya kuanzia. Tupu kwenye tambarare, inaweza kuanza na gia ya nne au ya tano. Imejaa na iko mlimani, ya kwanza au ya pili. Hilo ni rahisi. Lenye utamu zaidi ni lini ibadilishe wakati lori liko mlimani.

Fahamuni kwamba giaboksi za otomatiki za malori haya makubwa, kama I-Shift ya Volvo iliyotoka mwaka 2001 au Opticruise ya Scania, ndani yake ni gia za kawaida za meno kama za mkono. Klachi ipo vilevile. Kilichoongezwa ni mitambo inayosukumwa kwa upepo wa kompresa, ikiongozwa na kompyuta, kufanya kazi ya mguu na mkono wa dereva. Kwa hiyo kila gia ikibadilishwa, kuna kitambo kidogo ambapo injini imeachana na magurudumu. Kwenye tambarare husikii kitu. Kwenye mlima ni hatari ya kupoteza mwendo. Mlima wa asilimia 8 hulirudisha nyuma lori kwa mita 0.8 kwa sekunde katika kila sekunde, liwe zito au jepesi. Kubadilisha gia kukichukua sekunde moja, lori limepoteza karibu kilomita 3 kwa saa. Kama lilikuwa linapanda kwa kilomita 20 kwa saa, hiyo si hasara ndogo. Likipandisha gia hapo, linaikuta injini imekuwa nzito, linashusha tena, linapoteza nyingine, linapandisha, linashusha. Msafiri aliyeketi mbele atadhani gari lina kwikwi.

Ndiyo maana kompyuta nzuri, ikijua kuna mzigo na mlima, hufanya uamuzi ambao dereva mzoefu huufanya: inakataa kupandisha gia ingawa injini inalia na ungedhani imesahau. Inangoja mizunguko ipande zaidi, ili ikibadilisha ikute bado kuna nguvu upande wa pili. Na ikilazimika kushuka, haishuki gia moja moja. Inaruka mbili au tatu kwa mkupuo, ili ipoteze kitambo kimoja badala ya vitatu. Huko Ulaya yako malori yanayotumia setilaiti na ramani ya milima, yakaongeza mwendo kidogo kabla ya mlima kuanza, kama mtu anayekimbilia tope ili alivuke. Hilo nalo mzee hulifanya bila setilaiti, kwa kuwa kila mlima kati ya Mombasa na Malaba anaujua kwa jina.

Magari madogo ni hadithi nyingine kidogo, na hayo ndiyo yanatuhusu zaidi, maana si wengi wetu tunaopanda trela kuja shule. Otomatiki ya gari dogo kwa kawaida haina klachi ya mguu wala ya upepo. Kati ya injini na gia kuna chombo kilichojaa mafuta, chenye mapangaboi mawili yanayotazamana. Injini inazungusha moja, mafuta yanarushwa na kulizungusha la pili. Weka feni mbili za mezani uso kwa uso, washa moja tu, na utaona ya pili inaanza kuzunguka. Ni hivyo hivyo, ila kwa mafuta badala ya hewa. Mafuta hayo yakisukumwa bila la pili kuzunguka sawasawa na la kwanza, nguvu inayopotea inageuka kuwa joto. Gari likiwa limejaa na liko mlimani, joto huwa jingi. Mafuta ya gia yakiungua hubadilika rangi na kunuka, na hapo makanika wa Voi hupata karo ya watoto wake.

Waamerika, ambao hupenda kuvuta mashua na nyumba za magurudumu kwa pikapu zao za otomatiki, wamewekewa kitufe maalumu cha kuvuta na kubeba. Ukikibonyeza, gari linachelewa kupandisha gia, linawahi kushusha, na yale mapangaboi mawili yanafungwa pamoja kwa klachi ndogo ya ndani ili yasiteleze na kutoa joto. Kwenye mteremko linashusha gia lenyewe ili injini isaidie breki. Kwa ufupi, kitufe kile ni dereva kuiambia gari kile ambacho lori kubwa hujihesabia lenyewe.

Je, sisi tunacho? Tunacho, na wengi hawajui. Ingieni kwenye Probox yoyote ya otomatiki ya gia nne, zile zinazobeba abiria Voi, Mwatate na Wundanyi. Ubavuni mwa kirungu cha gia kuna kitufe kidogo kimeandikwa O/D. Ukikibonyeza, taa ya manjano inawaka mbele ya dereva, O/D OFF. Nimeona dereva akiambiwa na abiria, "Ndugu yangu, gari lako lina shida, taa imewaka," naye akaizima haraka kwa aibu. Lakini ile taa si ya ugonjwa. Maana yake ni kwamba gia ya nne imefungiwa. Gia ya nne ni ya mbio na kuokoa mafuta: injini ikizunguka mara 7, shafti inazunguka mara 10. Ni nzuri kwenye barabara ya Tsavo ukiwa na watu wanne. Ukiwa na watu tisa, magunia na kuku, unapanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi kwa zile kona, gia ya nne haina kazi. Gari linaingia ya nne kwenye kila sehemu iliyolala kidogo, linaona halina nguvu, linarudi ya tatu, ile kwikwi niliyoitaja. Bonyeza kitufe na kwikwi inaisha.

Mpaka hapa nimesema kupanda. Lakini kupanda ukikosea, gari linachemka mkashuka mkasukuma. Kuteremka ukikosea hakuna kushuka.

Tulirudie lile lori la tani 40. Likiteremka mpaka mahali palipo chini kwa mita 100 tu, nishati iliyokuwa imehifadhiwa kwa sababu ya urefu ni juli 40,000,000, na kama mwendo hauongezeki, karibu zote lazima ziwe joto mahali fulani. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunataka juli 315,000. Gawanyeni wenyewe: ni zaidi ya lita 120, madumu sita ya lita 20 yanayotokota. Na Wundanyi iko juu ya Mwatate kwa mamia ya mita, si 100. Kama joto hilo lote litaingia kwenye breki za magurudumu, chuma kinapata moto, breki zinanuka, kisha mguu wa dereva unakanyaga na gari halisikii. Mimi nimewahi kuteremka katika gari lililonuka hivyo tangu katikati ya mlima. Abiria wote tulinyamaza, hata mama aliyekuwa akisimulia habari za mkwewe.

Mahali pengine pa kupeleka joto hilo ni injini. Ukiwa katika gia ndogo bila kukanyaga mafuta, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, na injini inakataa kuzungushwa. Malori yana na breki ya ekzosi inayoibana injini zaidi. Breki hii hupata nguvu injini ikizunguka kwa kasi, mizunguko 2,000 na zaidi. Kwa hiyo kompyuta ya lori zito, ikiona mteremko na dereva ameomba breki, hushusha gia kwa makusudi ili injini ipige kelele. Dereva mgeni hushtuka akidhani injini inapasuka. Hapana, ndiyo inafanya kazi.

Adui wa hayo yote ni fri. Wako madereva, wa malori na wa matatu, ambao wakiona mteremko huweka gia fri ati gari liteleze bure na mafuta yabaki ya kuuza. Mteremko wa Salgaa, Sachangwan na Migaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ulipata jina baya kwa mambo hayo hayo. Nami nataka hesabu ya hao waokoaji mafuta isimame hadharani. Injini ya siku hizi yenye kompyuta, ikiwa ndani ya gia, dereva ameondoa mguu na magurudumu yanaizungusha, hufunga mafuta kabisa. Haichomi hata tone. Ikiwa fri, hakuna kinachoizungusha, kwa hiyo lazima ichome mafuta ili isizimike. Anayeteremka Wundanyi kwa fri anatumia mafuta zaidi kuliko anayeteremka ndani ya gia, na breki amezibebesha mlima wote peke yake.

Nilipomsomea mzee sehemu hii aliniuliza swali zuri. Alisema lori lake jipya wakati mwingine lenyewe huingia fri, ameona kwenye kioo. Ni kweli, yako yanayofanya hivyo, lakini kwenye mteremko mdogo sana, ambapo breki ya injini ingelipunguza lori mpaka likahitaji kukanyagwa mafuta tena. Kompyuta inapima mwinamo na mwendo wakati wote, na dereva akigusa breki au mwendo ukizidi kiasi, gia inarudi mara moja. Mkono wa dereva kwenye mteremko mkali, breki zikiwa zimeshapata moto na lori likiwa na kasi, mara nyingi hauwezi tena kuirudisha gia: meno yanagoma, hayaingiliani.

Kwa wale wenye baba, mjomba au kaka mwenye Probox: kitufe kibonyezwe juu kabisa Wundanyi, kabla ya kona ya kwanza, si baada ya breki kuanza kunuka. Mahali penye mteremko mkali zaidi kirungu kishushwe mpaka kwenye 2, mwendo ukiwa umeshapunguzwa. Injini italia, iacheni ilie. Mkifika Mwatate barabara inapolala, bonyezeni tena taa izimike, la sivyo mtanunua mafuta ya gia ya tatu mpaka Voi.